Siku ya mapumziko kwenye safari ndefu ya miguu ukiwa peke yako: ifanye hivi

Wanaoanza kutembea safari ndefu peke yao wanauliza yale yale kila siku. Nipumzike baada ya siku ngapi? Nikilala siku nzima miguu si itaganda? Alafu kuna hili la tatu ambalo wengi wanaliuliza kwa kuzunguka zunguka: mbona siku niliyopumzika ndio siku niliyotaka kurudi nyumbani? Nayajibu yote hapa kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili anayejiandaa sasa hivi asome mara moja aende.

Mifano naitoa barabara ya Dar kwenda Dodoma maana ndio njia ambayo watu wengi wanaanzia, lami yote, vijiji havikosekani, Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190 na Morogoro mpaka Dodoma kama 260. Ukienda kilomita 25 kwa siku unaingia Morogoro mjini siku ya nane, na kama hujapumzika popote mwili utakuwa umeshaanza kukudai.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya yote. Siku ya mapumziko miguu inatulia, kichwa ndio kinaanza kazi. Siku za kutembea kichwa kiko bize, maroli, jua, maji yamebaki kiasi gani, leo nalala wapi. Ukilala kitandani saa saba mchana yale yote uliyoyapita bila kuyawaza yanakuja kwa mkupuo, na upo peke yako, hakuna mwenzako wa kukwambia "wewe umechoka tu, kula kwanza". Kwaiyo siku hii ina kazi zake mbili, kuukagua mwili na kukisikiliza kichwa, na zote zinataka mpangilio.

Uwe na hivi kabla hujaanza safari

- Daftari dogo na peni mbili. Sio simu. Ukiandika kwenye simu utaishia kwenye stetasi za watu.
- Ukurasa wa kwanza wa hilo daftari uandike nyumbani kabla hujatoka: kwanini unatembea. Mistari mitatu inatosha. Utauhitaji hatua ya 7.
- Ndala au yeboyebo. Raba zako zinatakiwa zipumzike na wewe.
- Sabuni ya mche kipande, kamba ya kuanikia, kikoi au kanga.
- Sindano, plasta, bandeji, spiriti kidogo, vaselini, pakiti kadhaa za ORS.
- Pawabanki.
- Hela ya kulala usiku mbili na kula siku nzima, iwe pembeni na hela ya njiani. Gesti za kawaida za miji midogo bei yake sio kubwa ila siku ya mapumziko unakula zaidi ya siku ya kutembea, hilo wengi hawalipigii hesabu.

Hatua zenyewe

1. Chagua mahali mapema, na chagua kabla ya kipande kigumu sio baada yake.

Wanaoanza wanatembea mpaka waishiwe nguvu ndio wanapumzika pale walipoangukia. Matokeo yake unapumzikia sehemu haina maji, haina duka la dawa, chakula ni chipsi mayai asubuhi mpaka usiku. Misafara ya wapagazi ya zamani iliyokuwa inatoka Bagamoyo kwenda Tabora ilijua hili vizuri sana, walikuwa wanasimama Mpwapwa kwanza, kwenye maji na chakula, ndio wanaingia nyika ya Marenga Mkali ambayo haikuwa na maji. Walipumzika kabla. Fanya hivo hivo.

Kwa barabara hii pumzika Morogoro, upate soko na hospitali, kabla ya kuanza kuelekea ukame wa Dodoma. Ya pili pumzika Dumila kabla ya kupanda kwenda Gairo, au kama umepanda vizuri basi Gairo kwenyewe, ambako ni juu zaidi ya mita 1,000 na usiku kuna baridi ya kweli, watu wa Pwani mnaidharau hiyo baridi mnakuja na shuka moja. Siku 5 hadi 7 za kutembea alafu moja ya kupumzika ni hesabu nzuri kwa anayeanza. Usisubiri mpaka uumie.

Angalia na kalenda. Siku ya mnada au gulio gesti zinajaa na kelele hazikatiki. Jumapili ni nzuri kwa utulivu lakini kama unahitaji duka la dawa au fundi viatu unaweza kukuta kumefungwa.

2. Fika mapema, jitambulishe, lipa usiku mbili hapo hapo.

Lenga kuingia saa tisa alasiri. Omba chumba cha nyuma, mbali na barabara. Chalinze kwa mfano ni njia panda ya Tanga na Arusha, maroli yanapita usiku kucha, chumba cha mbele hulali. Kulipa usiku mbili kwa mpigo kunasaidia kitu kingine, asubuhi ukiamka na wasiwasi hutajiambia "ngoja tu niondoke".

Kitabu cha wageni kijaze ukweli, unatoka wapi unaenda wapi. Msalimie mwenye nyumba vizuri, shikamoo yake mpe, mwambie unatembea kwa miguu na kesho utashinda hapo. Kama umefikia kijijini ambako hakuna gesti, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji kabla giza halijaingia. Mtu mgeni mwenye begi kubwa anayeshinda siku nzima sehemu bila kujieleza anawapa watu mashaka, na wana haki ya kuwa na mashaka.

3. Asubuhi amka mda wako ule ule.

Unaweza kurudi kulala baadae, ila amka kwanza, kunywa maji nusu lita, nenda chooni uangalie mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi ujue siku zilizopita hukunywa maji ya kutosha, na asubuhi yote hii kazi yako ni kunywa. Huna ORS ya pakiti? Lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, koroga, kunywa kidogo kidogo. Usizidishe chumvi.

Kulala mpaka saa sita mchana ni kosa. Unaamka kichwa kizito, usiku usingizi hauji, kesho yake unaanza safari umechoka kuliko ulivyofika.

4. Kagua miguu kwenye mwanga wa jua.

Hii usiikimbize. Toa kiti nje, osha miguu kwa sabuni kwenye beseni, futa mpaka katikati ya vidole, alafu angalia polepole. Weka kidole gumba kwenye kisigino bonyeza, zunguka pembeni mpaka kwenye kifundo. Utakuta sehemu ngozi imekuwa ngumu na njano kidogo, hiyo iache, ndio kinga yako. Utakuta sehemu nyekundu ina joto kuliko ngozi ya jirani, hapo ndipo lengelenge linapotaka kutokea, weka plasta leo leo.

Lengelenge dogo lisilouma usiliguse. Kubwa linalouma: nawa mikono, safisha kwa spiriti, sindano nayo isafishe, toboa pembeni chini karibu na ukingo, kamua maji taratibu, ngozi ya juu USIIBANDUE, funika na bandeji safi. Watu wanabandua ile ngozi kwa kuona imekufa, alafu kinabaki kidonda kibichi na mbele kuna kilomita 200.

Sasa vitu vya kukupeleka zahanati au hospitali bila kujadiliana na nafsi: maumivu ya nukta moja juu ya mfupa ambayo ukibonyeza unaruka, mguu mmoja umevimba na una moto kuliko mwingine, kidonda chenye usaha au mstari mwekundu unaopanda juu. Homa vilevile. Homa ya njiani kapime malaria, usinunue dawa kwa kukisia kwasababu uliwahi kuumwa ukaijua. Na dawa za maumivu zisiwe za kukuwezesha kutembea juu ya mguu uliokataa.

5. Fua na anika kabla ya saa nne.

Soksi kwanza. Zigeuze ndani nje, loweka, maji ya kwanza yatatoka mekundu kama unatoka kwenye vumbi, rudia mpaka yawe meupe, maana ule mchanga uliobaki kwenye nyuzi ndio msasa unaokula vidole vyako. Raba toa soli za ndani, kung'uta, weka kivulini penye upepo. Jua kali linakausha gundi inaachia. Zikiwa zimelowa jaza magazeti ndani.

6. Kula vizuri, mara nyingi.

Supu na chapati asubuhi, kongoro kama ipo. Mchana ugali, maharage, mboga za majani, samaki au nyama. Jioni wali. Katikati ndizi, karanga, maziwa mtindi. Morogoro pita Soko Kuu la Chifu Kingalu, matunda ya Uluguru yapo ya kila aina, ila ya kula na ganda yaoshe mwenyewe. Kwa mama ntilie kula kilichotoka jikoni kina moshi. Siku ya mapumziko ukiendesha tumbo unapoteza siku tatu.

Pombe iache. Sisemi hivi kwa ajili ya maadili, pombe inakutoa maji uliyokuwa unayarudisha na inakuharibia usingizi ambao ndio ulikuja kuutafuta.

7. Alasiri, kaa na daftari.

Hii ndio hatua inayorukwa kuliko zote na ndio naiona ya muhimu kuliko zote. Sio chumbani. Chumbani utalala. Tafuta mti, kibaraza, benchi la mbele ya duka, sehemu ambayo watu wanapita lakini hakuna anayekuhitaji. Saa kumi hivi jua limepungua. Simu iache kwenye chaji ndani, chumba ufunge.

Anza kwa kuandika vitu vilivyotokea, usianze na hisia. Siku kwa siku, kila siku mistari miwili mitatu. Mzee wa Mikese aliyekutolea kiti bila kukuuliza jina, akakuuliza kwanza umekula. Mtoto aliyekusindikiza mpaka mwisho wa kijiji chao akarudi mbio. Konda aliyekupigia kelele. Kilima ambacho ulikitukana. Ukiandika vitu vyenyewe hisia zitakuja zenyewe nyuma yake, na zitakuja zikiwa na mahali pa kukaa. Ukianza na "najisikia vibaya" utajaza ukurasa mzima wa kujisikia vibaya na hutajua kwanini.

Ukimaliza hapo jiulize haya, uandike majibu:

- Ni kipande gani nilitembea bila kuhesabu kilomita? Nilikuwa nawaza nini pale?
- Nilimkasirikia nani njiani, na nilikuwa sijala saa ngapi?
- Kitu gani nilikiogopa nikiwa nyumbani na hakijatokea?
- Kitu gani kimetokea ambacho sikukiwaza kabisa?
- Kuna mtu nimekuwa naongea nae kichwani siku zote hizi? Nataka kumwambia nini?

Hilo swali la mwisho usishangae likikutoa machozi. Kutembea peke yako siku nyingi kunaamsha watu, marehemu, mliogombana, wazazi. Haimaanishi umepungukiwa na akili wala safari imeharibika, ni kwamba kichwa kimepata nafasi ambayo mjini hakikuwahi kuipata. Andika, au kaa tu mpaka ipite. Anayeswali aswali, anayesali asali.

Mwisho kabisa fungua ule ukurasa wa kwanza ulioandika nyumbani. Usome. Sababu bado ipo? Imebadilika? Kubadilika sio tatizo, wengi wanaanza kutembea ili kuthibitisha kitu kwa mtu fulani na wakifika katikati wanagundua yule mtu hawamuwazi tena. Andika sababu mpya chini ya ile ya zamani na uweke tarehe.

ONYO: usiamue kuacha safari siku hii. Unaweza kuandika "nataka kuacha", ni haki yako, ila uamuzi wenyewe uahirishe mpaka kesho ukiwa umeshatembea saa moja barabarani. Isipokuwa yale ya kiafya ya hatua ya 4, hayo ni uamuzi wa daktari.

8. Tembea kidogo, bila begi.

Nusu saa ukiwa na ndala, polepole, kwenye mji wenyewe. Hii ndio jibu la swali la miguu kuganda: inaganda ukilala siku nzima, haigandi ukiisogeza kidogo. Nyoosha misuli ya nyuma ya miguu ukishapata joto, sio ukitoka kitandani.

9. Piga simu nyumbani jioni, baada ya kula.

Ukipiga mchana umelala, una njaa, peke yako, utalalamika, na mama yako atasema rudi mwanangu. Atasemaje kingine? Anakupenda. Usimbebeshe mtu anayekupenda swali la "niendelee au nirudi". Mpe taarifa, uko wapi, kesho unaenda wapi, unategemea kufika saa ngapi. Kama hujapiga mpaka saa fulani wafanye nini. Namba ya dharura ni 112.

10. Pungua mzigo, panga kesho.

Mwaga begi lote kitandani. Kitu ambacho hukukigusa tangu uondoke na sio dawa wala koti la mvua, kitume nyumbani kwa basi au mpe mtu. Kesho yake panga nusu siku tu, kilomita 12 mpaka 15. Wanaoanza wanatoka kwenye mapumziko na nguvu mpya wanapiga 35, kesho yake wako pale pale walipokuwa. Uliza maji yako wapi mbele. Ukishavuka kuingia Dodoma visima vingi ni maji ya chumvi, beba lita 4 na zaidi. Na kama wewe kutoka Morogoro unaelekea Iringa badala ya Dodoma, barabara inakatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi, kipande cha kama kilomita 50, tembo na simba wanavuka lami. Hapo hautembei, unapanda gari, na hiyo haipunguzi safari yako kitu.

Ukikwama

*Upweke umekubana, chumba kinakutisha.* Toka nje mda huo huo. Kaa kwenye kijiwe cha kahawa, ucheze bao ukiweza, nenda msikitini au kanisani hata kama sio siku yako, kanisani mazoezi ya kwaya ni jioni na hakuna atakayekufukuza. Usitafute ushauri, tafuta sauti za watu.

*Watu wanauliza maswali mpaka unachoka.* Ni kawaida, kwetu mtu akitembea mbali watu wanajua anaunga mkono jambo, tangu 1967 Mwalimu mwenyewe alipotembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Kwaiyo andaa jibu moja fupi la kweli: "natembea kwenda Dodoma, nina jambo langu nalitafakari". Watu wazima wanalielewa hilo jibu na wengi wataacha.

*Wewe ni dada uko peke yako.* Chagua gesti yenye mama anayeisimamia na umwambie ukweli kuhusu safari. Kagua komeo ukiwa bado hujalipa. Barabarani na mgahawani anayekuuliza sana mwambie kuna ndugu anakusubiri mbele, huna deni la ukweli kwa mtu usiyemjua. Daftari andikia kwenye kibaraza cha ndani, sio barabarani.

*Daftari limekaa mbele na hakuna kinachokuja.* Chora ramani ya jana kwa kumbukumbu, mto, shule, mti mkubwa, pale ulipokunywa maji. Utaanza kuandika bila kujua.

*Asubuhi ya kuondoka miguu ni migumu kama mbao.* Tembea dakika 20 za kwanza polepole kabisa, upande wa kulia unaoangaliana na magari. Ugumu unaoachia ukipata joto ni wa kawaida. Maumivu yanayozidi kadri unavyotembea, rudi.

*Umetembea ile saa moja na bado unataka kuacha.* Basi sasa unaruhusiwa kuamua. Kaa chini, kula kitu, soma ulichoandika jana. Kama jibu ni lile lile simamisha basi, nenda nyumbani, na andika kwenye daftari ulipoishia, jina la kijiji na tarehe, maana wengi wanarudi kuanzia pale pale.

*Umekaa siku ya tatu na hutoki.* Mwili uko sawa, dawa hakuna, ila kila asubuhi unapata sababu. Hapo usisubiri asubuhi nyingine. Funga begi leo, toka hata saa tisa alasiri, tembea kilomita tano tu mpaka kijiji kinachofuata, ujitambulishe kwa mwenyekiti, ulale huko.